Watatu, Mmoja Ameshafika

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Tutakuwa watatu. Mmoja ameshafika." Niliusoma nikiwa nimekalia mbuzi, mkono mmoja umejaa nazi, kisha nikausoma tena. Nyumba ilikuwa tupu. Wageni wa mwisho, vijana wawili waliokuwa njiani kwenda Ushongo, walikuwa wameondoka siku tatu kabla, na vyumba vyote nilikuwa nimevifagia na kuvifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Ameshafika wapi huyo?

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nilimwandikia palepale huyo aliyeomba chumba, kwenye mtandao ninaopangishia wageni. Picha ya kwenye akaunti ilikuwa ya mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndevu zimechongwa, miwani ya jua usoni. Nilimwambia kwangu hakuna mtu, kwa hiyo anieleze vizuri. Akajibu kwa adabu kwamba yeye hasafiri, yuko Uarabuni kazini. Wanaokuja ni mama yake na dada yake, na maneno yale aliyaandika kama mama yake alivyomtajia kwenye simu. Huyo wa tatu hata yeye hamjui. Alidhani ni jamaa yao wa hapa Tanga.

Hapo nilitakiwa nikatae. Nilishawahi kupokea ombi la mama mmoja mwenye picha ya ushungi na tabasamu, wakashuka wanaume wanne na makreti ya bia. Nyumba yangu iko Mabawa, ukuta kwa ukuta na majirani, na msikiti uko nyuma ya nyumba ya pili. Nilisemwa mtaa mzima. Toka siku ile nikaweka sharti langu kwamba anayelala ndiye anayeomba chumba, na wa akaunti ya mtu mwingine akalale kwa huyo mwenye akaunti.

Safari hii sikukataa. Niliogopa kukataa, na hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake uani kwangu.

Wiki mbili kabla nilimleta fundi achimbe shimo la choo kipya cha wageni. Nilimchagulia kona ya uani palipokuwa na mhina mkubwa, wa zamani kuliko nyumba zote za jirani. Wasichana wa mtaani walikuja kuchuma majani yake kila kukiwa na harusi, na nilipoukata walininunia. Fundi alichimba asubuhi nzima. Alipofika kiunoni sururu ikagonga kitu, akainama, akafukua kwa vidole, halafu akapanda juu upesi bila kuniangalia. Chini mle kulikuwa na chungu kidogo cha kupikia, kimefunikwa kwa bakuli la udongo, na pale mdomo unapokutana na kifuniko pamezibwa kwa udongo wa mfinyanzi.

Kwetu sisi mtoto wa miaka saba anajua maana ya chungu kilichozibwa na kufukiwa uani kwa mtu. Kuna mtu kakupandia kitu. Nilisimama ukingoni mwa lile shimo nikahesabu kila baya lililonipata tangu marehemu mume wangu anunue nyumba hii. Yeye mwenyewe kufa ghafla akiwa anavaa viatu. Binti yangu kuachika mara mbili. Miguu yangu kuvimba. Kila kitu kikapata jibu, na jibu lilikuwa mle shimoni.

Fundi alikataa kukigusa. Jirani yangu, mama mtu mzima anayesikilizwa kwa mambo haya, aliniambia nisikifungue na nisikitupe kienyeji. Nikifunge kwa kitambaa cha bafta nyeupe mpya, nipige mafundo matatu, nikifukize ubani, nikipeleke kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, nikisomee Yasini mpaka mwisho, halafu niondoke bila kugeuka. Nikikatisha kisomo, kitanifuata.

Nilipanda bajaji nimekipakata. Dereva akaniuliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo, nikamwambia mchuzi wa pweza. Akasema mbona haunukii.

Nilikiweka katikati ya mizizi, kwenye tope, nikachutama na kijitabu changu. Mbu walinila. Nikawa napoteza mstari, narudi nyuma, nasoma tena. Nililia, sisemi uongo, nililia kwa hofu kama mtoto. Nilipofika mwisho maji yalikuwa yananifika vifundoni. Niliondoka bila kugeuka, na kandambili moja ikabaki topeni hukohuko.

Asubuhi ya pili nikakuta kaa uani. Kaa wa mikoko, mweusi, yuko juu ya udongo mwekundu wa ile kona fundi aliyokwisha kuifukia. Kutoka baharini hadi kwangu kuna nyumba, barabara na soko. Nilimtoa kwa ufagio, na sikumwambia mtu.

Sasa mtu akikuandikia kwamba mgeni mmoja ameshafika kwako, na wewe una habari kama hiyo kifuani, utamkatalia? Nilijiambia wenye chungu chao wameshajua. Bora waje niwaone kwa macho.

Walikuja baada ya adhuhuri. Nilisikia hodi, sauti ya mtu mzima, hodi ya zamani ya kusimama mbali na mlango. Nilipofungua nikaona bibi mdogo wa umbo, buibui limechujuka, kashikwa mkono na mwanamke wa makamo. Nilikuwa nimejiandaa kuwahoji palepale mlangoni. Badala yake shikamoo ikanitoka mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo, wakati nyumbani ni mimi peke yangu. Na kwa kawaida zetu huwezi kumuuliza mgeni wa umri ule wewe nani na umeletwa na nani kabla hajanywa hata maji. Nikawakaribisha ukumbini, nikaleta maji, na ilipofika zamu ya maswali walikuwa wameshavua viatu.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni jinsi bibi alivyotembea. Binti yake alinong'ona kwamba mama haoni vizuri, macho yana ukungu. Lakini ukumbini kwangu alikwenda bila kupapasa. Penye kizingiti aliinua mguu kabla hajakifikia. Alipita mlango wa kwanza kushoto akaugusa kwa kiganja, kisha akanyoosha moja kwa moja hadi uani na kusimama akielekea ile kona.

"Mhina uko wapi?" akauliza.

"Niliukata, bibi."

Alibaki amesimama juani muda mrefu.

Nilileta daftari langu la wageni, maana mwenyekiti wa mtaa hupita kukagua. Binti akaandika jina lake na la mama yake. Nilipotaka kulifunga, bibi akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Bado mmoja."

"Nimwandike nani, bibi?"

"Hana jina. Hakupewa. We acha mstari wazi tu."

Binti akacheka kidogo kwa aibu. Baadaye, tukiwa jikoni, aliniomba radhi. Alisema mama yake siku hizi ana mambo yake, na safari nzima ameilazimisha, hataki hoteli, hataki nyumba nyingine, alitaka hii, akaieleza mpaka yule mwanawe wa Uarabuni akaiona kwenye picha za simu. "Hata sisi hatujui anatafuta nini," alisema. "Tulidhani labda ana ndugu hapa."

Mimi moyoni nilikuwa na neno jingine, na neno hilo ni jini. Nilimwona bibi kama mtu aliyekuja kumfuata jini wake wa kwenye kile chungu. Jioni ile nilipowaandalia chai uani niliweka vikombe viwili, akaniambia kwa upole nilete cha tatu. Nikaleta, nikamimina, chai ikamwagikia sahani. Nilirudi baadaye kutoa vyombo. Vikombe vyote vitatu vilikuwa vitupu. Binti alikuwa ameshaingia ndani zamani, na udongo wa ile kona ulikuwa umelowa.

Kesho yake asubuhi binti alikwenda Makorora kumtafutia mama yake dawa ya macho. Tulibaki wawili. Nilikuwa napepeta mchele, naye amekaa kwenye kigoda, uso umeelekea kona.

"Nani kachimba pale?" akaniuliza.

"Fundi. Alitaka kuchimba shimo, akaacha."

"Mbona akaacha?"

"Alikuta mwamba."

"Hakukuta kitu?"

"Hakukuta kitu, bibi."

Uongo ule ulitoka mwepesi, nikaendelea kupepeta. Bibi akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea kabisa.

"Alhamdulillahi," akasema. "N'liposikia mhina hauko moyo uliniruka. N'kasema basi, washamtoa."

Akanieleza. Aliletwa nyumba hii akiwa mwali wa miaka kumi na saba, wakapanga chumba kile cha kwanza kushoto. Mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, anarudi Jumamosi anaondoka Jumapili. Mimba yake ya kwanza ilitoka siku ya Jumatatu, miezi haijatimia. Alikuwa na mkunga tu, mwanamke wa kutoka Bonde, mkimya, mwenye taratibu zake mwenyewe. Mtoto hakulia. Mkunga akasema wa hivi hapelekwi makaburini. Alichukua chungu kilekile alichokuwa akimpikia uji, akamtia humo, akakiziba, akakifukia uani. Bibi alisikia jembe akiwa kitandani. Alitaka kuinuka akaambiwa alale, mwenye kutoka damu hainuki.

"Hakuna aliyemsomea," akaniambia. "Hata Fatiha. Mwenzangu aliporudi Jumamosi akaambiwa, akasema hewallah, Mungu atatupa wengine. Kweli akatupa. Mimi n'kapanda mhina pale ili nipajue. Tukahama. Wanangu sikuwaambia, ningewaambia nini? Sasa macho yanakwisha, n'kasema bado naona herufi kubwa kubwa, niende nikamsomee mwanangu mwenyewe, n'kifa nisikutane naye nikiwa na deni lake."

Sijui nilibaki na ungo mkononi kwa muda gani. Najua mchele ulimwagika na kuku wa jirani wakaja kuula, na sikuwafukuza. Hofu yote niliyokuwa nayo iliondoka mara moja, ikaja haya. Haya mbaya, ya kuona uso wako unawaka hata peke yako. Nilikuwa nimemwogopa mtoto ambaye hakupata hata kulia. Nilikuwa nimempakata kwenye bajaji nikamwita mchuzi.

Na bado sikusema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko chungu chenyewe. Nilijiambia mwache mzee wa watu, asome, afurahi, arudi kwao. Mungu anajua kisomo kinakwenda wapi. Niliingia jikoni nikajifanya nachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Baada ya alasiri alitandika mkeka pale kwenye kona. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, kanga mpya, udi unanukia. Binti alikuwa amerudi na kumletea mto wa kukalia, bila kuelewa. Bibi akafungua kitabu chake cha herufi kubwa, akakisogeza karibu na pua, akagusa udongo kwa kiganja, akaupapasa taratibu, mara mbili, mara tatu, mahali ambapo mimi najua chini yake hakuna kitu.

"Bibi, usisome," nikasema.

Nilipiga magoti nikasema yote. Sururu, chungu, jirani, bajaji, mikoko. Nilisema nilidhani ni uchawi. Nilisema asubuhi nilimdanganya, na nilikuwa nimeamua kuendelea kumdanganya mpaka aondoke.

Alifunga kitabu. Uso wake ulikaza, akawa mtu mwingine, na nikaona kwamba alipokuwa kijana hakuwa mtu wa kuchezewa.

"Ulimtupa? Mwanangu, ulimtupa kama magamba ya samaki?"

"Hapana, bibi. Nilimweka."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Alikuwa wazi?"

"Nilimfunga. Bafta nyeupe, mpya. Nilinunua siku ileile."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nilifukiza chochote. Nikasema ubani. Akauliza nilisema neno gani wakati wa kumweka. Nikamwambia nilimsomea Yasini.

"Yote?"

"Yote. Na nilikosea nikawa narudia, pengine ni zaidi ya mara moja."

Alinikamata kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuitarajia. "Kuna aliyelia?" akauliza.

"Mimi nililia. Lakini sikulia kwa ajili yake, bibi. Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi n'lilia kwa kuogopa," akasema, ndipo machozi yakamtoka.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Amekuwa kifungua mimba wa nyumba yao miaka hamsini na ushei, ndiye aliyekuwa akipewa kila kitu wa kwanza na kulaumiwa wa kwanza. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akauliza, "Kumbe mimi ni wa pili?" Bibi akamwashiria ajongee, wakakaa wote wawili kwenye mkeka. Mimi niliingia ndani nikawaacha.

Asubuhi tulikwenda kwenye mikoko watu watatu katika bajaji moja. Maji yalikuwa yanakupwa. Sikuhitaji kupatafuta, kandambili yangu ilikuwa palepale imesimama kwenye tope. Chungu hakikuwepo. Hakukuwa na kigae, wala kifuniko, wala alama ya kitu kuburutwa. Bafta ilikuwepo. Ilikuwa imetandaa juu ya mizizi, nyeupe, haina tope, na yale mafundo matatu niliyoyafunga kwa nguvu zangu zote, nikayavuta kwa meno, yote yamefunguliwa.

Nilijaribu kusema maji yana nguvu. Binti naye akasema ndiyo, maji yana nguvu. Lakini sote tumezika watu. Tunajua maiti akishalazwa mwanandani vifundo vya sanda hufunguliwa, na tunajua kwamba kuna mtu hushuka kaburini kufanya kazi hiyo.

Bibi alikuwa ameusogeza uso wake karibu kabisa na kitambaa. Alikigusa pale penye mikunjo ya mafundo, mmoja baada ya mwingine.

"Wamemfungua," akasema.

Sikuuliza ni nani. Alisoma Fatiha amesimama, kisha akasoma Yasini yake bila kufungua kitabu, nasi tumemshika huku na huku asizame. Kaa walitoka kwenye mashimo yao wakakaa wametulia, wengi, mpaka alipomaliza. Kitambaa hakukichukua. Alisema si chake.

Tuliporudi walifunga mizigo. Basi lao lilikuwa la saa nne, kwa hiyo nilichemsha chai upesi, nikatoa vitumbua, nikaandaa uani kama siku zote. Niliweka sinia mbele ya bibi na kuanza kumimina. Aliufuata mkono wangu kwa macho yake yale ya ukungu, akaunyoosha wake, akakitoa kikombe cha tatu kwenye sinia na kunirudishia.

"Viwili vinatosha, mwanangu," akasema. "Mwenzetu keshaondoka."

Nilikirudisha jikoni nikakiosha, ingawa hakuna aliyekinywea.